Tupeane uzoefu: kifaa cha kompyuta kilitoka kizima, kikafika kimekufa

Mgosi wa Pongwe
Wakuu habari za muda huu. Leo nilikuwa kwa fundi, akaingia dogo mmoja na mazabodi yake mpya, ile bodi kuu ya kompyuta, imetoka China, boksi safi halina hata mkwaruzo, kufungua kifuniko cha soketi inapokaa prosesa pini zimelala kama mpunga uliopigwa na mvua. Dogo hakusema neno, akakaa tu kwenye benchi. Anaendesha bodaboda huyo, hela kaidunduliza. Nikakumbuka monita yangu ilivyonifikia na ufa kona mpaka kona, nikasema ngoja niwaulize wadau. Wewe yalikukuta nini, mzigo ulitokea wapi, ulilipwa au uliambulia pole? Mwageni hapa maana hizi hela hatuokoti.

Nyamhanga jr
Mimi skrini ya laptop, ilitumwa Musoma ndani ya bahasha ya kaki. BAHASHA wakuu.

Fundi Narung'ombe
Mgosi mwambie huyo dogo asiitupe hiyo bodi. Kama ni soketi ya LGA 1700, ile ya prosesa za Intel, pini ziko kwenye mazabodi, zipo 1700 kweli, na zikilala chache zinanyooka. Washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu sio kwa juu, pini zilizo sawa zinang'aa mstari mmoja, iliyopinda utaiona inang'aa peke yake pembeni. Chukua sindano nyembamba na lenzi ya fundi saa, isogeze kidogo kidogo, ukiikunja mara ya pili na ya tatu inakatika na hapo ndio mwisho. Zile za AM4 za AMD ni tofauti, pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, hizo penseli ya kubofya ukitoa risasi yake pini inaingia kwenye tundu unainyanyua taratibu. Na bodi ikiwaka lakini inaona ram (kadi ya kumbukumbu) moja tu kati ya mbili usikimbilie kulaumu ram, rudi kwenye soketi, mara nyingi kuna pini haijagusa.

Dada Stesheneri
Fundi hapo kwenye ram umenifungua macho, nina bodi iko stoo mwaka mzima tunasema slot imekufa!!

Otis wa Luthuli
Hata huku Nairobi ni hivyo hivyo boss. Kuna kijana nilimtumia SSD, ile diski isiyo na sahani ya kuzunguka, na ram Kisumu na matatu za parcel, akanipigia ram imekatika pale kwa meno. Kumbe walikuwa wameiweka chini ya gunia ya mahindi. Nilimtumia ingine, hasara nikabeba mimi kwa sababu kijana wa watu alikuwa ameshalipa na hana makosa.

Kipara Mwanjelwa
Nimesoma huu uzi mkono unatetemeka, sijawahi kuandika hii habari popote.

Mimi na mwenzangu tunashuti harusi, yeye yuko Dar mimi Mbeya. Kuna kazi tulipata, send-off Dar harusi huku kwetu. Mwenzangu akashuti send-off akamwaga video zote kwenye mashine yetu mpya, ndio kwanza tumeifunga kadi ya grafiki na lile feni la prosesa kubwa la mnara. Duka liliahidi kuipaki iletwe kwangu Mbeya, na mwenzangu aliwaambia kwa mdomo wake toeni kadi, toeni feni, toeni na hard disk yenye video, kila kitu kivae sponji yake. Wakaitikia ndiyo kaka. Wakaingiza mashine nzima nzima kwenye boksi wakazungusha selotepu, ikapakiwa basi la usiku. Mnaijua hiyo njia, matuta ya Mikumi, Kitonga, halafu buti la basi halina mtu wa kushika mzigo.

Asubuhi nafika ofisi ya vifurushi, nanyanyua boksi nasikia kitu kinamwagika ndani, chwaaa, ukilalia kushoto kinahamia kushoto. Nikamwambia yule dada wa kaunta nafungua hapa hapa. Akanisukumia daftari, saini kwanza. Nikasema sisaini. Foleni nyuma inanung'unika. Nikafungua na funguo za nyumba, kioo cha ubavuni kimekuwa punje, feni la mnara limeng'oka linaning'inia mguu mmoja, limeipiga kadi ya grafiki mpaka slot yake imechomoka na kipande cha bodi. Yule dada akachungulia akaniambia maneno siwezi kuyasahau, "Sisi tumepokea boksi, tumeleta boksi."

Hivyo vyote ni vyuma wakuu. Nilichukua hard disk nikakimbia nayo kwa jirani mwenye kompyuta nikachomeka. Tik. Tik. Tik. Halafu kimya. Humo ndani kulikuwa na hotuba ya baba wa bibi harusi. Yule mzee alifariki kabla hatujakabidhi kazi.

Nyamhanga jr
Dah.

Dada Stesheneri
Mungu wangu. Ikawaje? Bibi harusi alijua?

Kijana wa Kahama
Kipara chukua hiyo diski ifunge nailoni weka kwenye friza usiku kucha, asubuhi chomeka haraka haraka inasoma hata dakika 20, mimi niliokoa picha zangu zote hivyo.

Fundi Narung'ombe
Kijana wa Kahama USIMPOTEZE MWENZIO. Ukiitoa kwenye friza unyevu unajitengeneza juu ya sahani za ndani, kichwa kinachosoma kinapita juu ya maji. Hiyo ni habari ya diski za zamani sana na hata hizo wengi ziliwafia. Diski inayopiga tik tik kichwa kimepata shida, kila ukiiwasha kinaendelea kukwangua, inazimwa na haiwashwi tena mpaka ifike kwa mtu mwenye chumba kisicho na vumbi.

Kijana wa Kahama
Mimi nimesema kilichonisaidia. Sio kila mtu ana hela ya hivyo vyumba vyenu.

Fundi Narung'ombe
Hela hana ndio aiue kabisa?

Mgosi wa Pongwe
Jamani taratibu, tumuache Kipara amalizie.

Kago Huru
Wakati tunamsubiri Kipara niseme la upande wetu maana naona sisi kago, wasafirishaji wa mizigo, tunasemwa sana. Niko Guangzhou napokea mizigo ya watu. Ndege inatoza ujazo, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawa kwa 6000. Boksi la keisi la 55 kwa 50 kwa 30 linahesabiwa kilo 13 na robo tatu hata kama mizani inasoma 8. Mteja akiona bei anaandika "toa boksi la kiwandani, funga vizuri tu". Tunatoa. Kikivunjika kago wezi.

Fundi Narung'ombe
Mteja gani huyo? Wangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa. Mnatoa sponji za kiwandani mnapakia kadi ya grafiki na makava ya simu na viatu, halafu mnamtoza ujazo ule ule wa mwanzo. Kile kimfuko cha rangi ya fedha mnakitupa mnaweka bodi kwenye nailoni ya kawaida, umeme tuli unaipiga, inafika inang'aa haiwaki na hamna alama ya kumuonyesha mtu.

Kago Huru
Usiwaweke wote kapu moja mkuu. Mimi mteja akiandika USITOE BOKSI sitoi. Aandike, sio aniambie kwa sauti wakati nina mizigo ya watu mia.

Msomi wa Sinza
Nyie mnagombana wakati mzigo wa ndege una sheria yake. Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ukifika umeharibika unalalamika kwa MAANDISHI ndani ya siku 14 toka ulipoupokea, ukikaa kimya zikapita huna chako. Lakini msifurahi sana, kama hukutangaza thamani ya mzigo na kuilipia, kikomo toka Desemba 2024 ni vizio 26 vya IMF kwa kilo, yaani vile vya SDR. Kadi ya grafiki ya kilo moja na nusu ni kama dola 50 hivi hata kama uliinunua dola 600. Ndio maana nasema tangazeni thamani, lipeni bima.

Nyamhanga jr
Montreal utaitaja Kariakoo kwa nani mkuu, ajenti mwenyewe risiti hana.

Msomi wa Sinza
Ndio maana unadai risiti kabla hujatoa mzigo, sio baada. Na wa mabasi pia, kubeba vifurushi kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukienda na malalamiko ya maandishi, picha na namba ya risiti watakusikiliza tofauti na ukienda na kelele.

Bi Mkubwa wa Malindi
Mie niko Unguja. Kwetu adui ni maji ya chumvi. Pawa saplai ilikuja na boti kutoka Dar, ikawekwa nje mawimbi yanaruka, boksi likakauka na jua nikaliona zima. Ikafanya kazi vizuri, baadae ikaanza kunuka, kufungua kijani kitupu. Siku hizi boksi likiwa na alama ya maji siwashi kitu. Bodi naisafisha kwa spiriti ya mafundi na brashi laini, naiacha ikauke vyema. Pawa saplai simo, ile ina umeme umekaa ndani hata ukichomoa, nampa fundi.

Kijana wa Kahama
Bodi unaifukia kwenye mchele bi mkubwa.

Bi Mkubwa wa Malindi
Mchele tunapikia mwanangu. Chumvi haitoki kwa mchele.

Mwana Kigoma
Mimi boksi nikilituma naandika MAYAI kwa kalamu nene pande zote. Linakaa juu kila siku.

Otis wa Luthuli
Hiyo ya mayai naikopa leo leo.

Dada Stesheneri
Likipotea utadai mayai? Andika kilichomo, halafu mpe konda hela ya soda akuwekee juu mwenyewe ukiona.

Kipara Mwanjelwa
Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini. Nashukuru kwa pole. Fundi umesema kweli, jamaa mmoja Dar aliniambia hivyo hivyo nisiiwashe tena. Akatafuta diski nyingine ya modeli ile ile akahamisha vichwa, kazi ya wiki kadhaa. Hotuba ya mzee ilitoka, sauti yote, picha inakatika katikati. Bibi harusi tulimwambia ukweli tangu mwanzo, alikuja kusikiliza hapa hapa ofisini na mama yake. Video za ukumbini na za zawadi hatukupata kitu. Watu wa basi hawakulipa hata senti. Duka lilirudisha nusu ya bei ya feni. Nusu ya feni wakuu, sio ya mashine.

Fundi Narung'ombe
Pole sana ndugu yangu. Ukisoma karatasi za vipimo, hard disk nyingi zikiwa zimezimwa zinaandikwa zinahimili mshtuko wa G 300 hivi, SSD 1500. Boksi lisilo na sponji likidondoka kwenye sementi linaweza kupita hiyo 300. Video za watu tumeni kwa SSD, iwe mkononi mwa mtu mnayemjua, na nakala ibaki Dar. Na mafeni ya mnara mengine yanapita kilo moja, yanaila bodi njiani, yatolewe kila safari hata kama ni Dar Morogoro.

Mgosi wa Pongwe
Kipara hapo kwenye kusaini umenifundisha kitu. Dogo wa mazabodi alikuwa ameshasaini na hana video ya kufungua boksi. Nimemwelekeza kwako Fundi, kesho asubuhi anakuja.

Fundi Narung'ombe
Aje. Aje na kile kifuniko cheusi cha soketi, watu huwa wanakitupa. Muuzaji akikubali kupokea bodi lazima irudi nacho.

Salma Mpanda
Naomba kuuliza, mimi mzigo wangu ni monita inchi 27 inatoka Dar Jumatano. Isafiri imelazwa au imesimama?

Kago Huru
Imesimama, kwenye boksi lake, kioo kiwe kimeelekea ukuta wa buti sio kwenye mizigo.

Kijana wa Kahama
Mimi yangu ililazwa ikafika salama.

Fundi Narung'ombe
Salma imesimama. Na usisaini kabla hujaiwasha, nenda na waya wa umeme.