Windows Server 2003 na 2008 R2 zipo, sasa tunaingiza 2022: tuanze wapi?

seva_malindi:

Assalaam alaykum mafundi. Ofisi ipo Malindi, Unguja, na tawi dogo lipo Wete, zimeunganishwa kwa VPN. Kompyuta zote ni 38, za Windows 10 na 11. Seva zipo hivi:

SVR1 (Malindi) ni Windows Server 2003 R2. Ndiyo DC (seva inayosimamia domeni, yaani akaunti na kompyuta zote za ofisi) ya kwanza, ina kazi zote tano za FSMO (kazi kuu ambazo kila moja hushikwa na DC moja tu), DHCP (inayogawa anwani za mtandao), na folda ya programu ya mahesabu. SVR2 (Malindi) na SVR3 (Wete) ni 2008 R2, zote DC.

Sasa imekuja mashine mpya, SVR4, yenye Windows Server 2022. Kuiingiza kwenye domeni imegoma mara mbili, ya tatu ikakubali. Kuipandisha iwe DC ndiyo haitaki kabisa, inasema kiwango cha foresti (kundi zima la domeni) ni cha 2003. Pia kompyuta za Windows 11 hazifungui folda ya mahesabu iliyo SVR1. Nataka mpangilio wa kazi, kipi kwanza kipi baadaye, bila ya kusimamisha ofisi wiki nzima.

waya_wa_bluu:

Waalaykum salaam. Hiyo "mara ya tatu" ina sababu. SVR1 inazungumza SMB1 (lugha ya zamani ya kushea mafaili) tu, na 2022 haina SMB1 mpaka uiweke kwa mkono. Ikiangukia kwa SVR1 inagoma, ikiangukia kwa SVR2 inapita. Hapo kazi yote utaielewa: 2008 R2 ndiyo mkalimani wako, inajua lugha ya zamani na ya kati. Usiiondoe SVR2 mpaka mwisho.

Usianze na 2022. Iache ikae pembeni. Anza kwa afya ya ulichonacho: `dcdiag /e /q` na `repadmin /replsummary` kutoka SVR2. Kukiwa na kosa hata moja la urudufishaji, lirekebishe kwanza. Kisha bakapu ya hali ya mfumo kwa DC zote tatu: kwenye 2003 ni ntbackup, kwenye 2008 R2 ni `wbadmin start systemstatebackup -backuptarget:E:` baada ya kuongeza kipengele cha Windows Server Backup.

Halafu hamisha kazi tano za FSMO kwenda SVR2. Ukiwa ndani ya SVR2, fungua PowerShell ya Active Directory:

`Move-ADDirectoryServerOperationMasterRole -Identity SVR2 -OperationMasterRole 0,1,2,3,4`

Hakikisha kwa `netdom query fsmo`. Hakikisha pia SVR2 na SVR3 ni katalogi kuu (global catalog) zote mbili. DHCP itoe SVR1 kwa `netsh dhcp server export C:\dhcp.txt all`, uiingize SVR2, uidhinishe huko, uizime ya zamani. Kwenye chaguo 006 la DHCP (anwani za seva za DNS, zinazotafuta majina) ondoa anwani ya SVR1. Na wala usiweke anwani ya ruta wala 8.8.8.8 "kwa akiba": kompyuta ya domeni ikiuliza DNS ya nje haitaiona domeni, na watu wataanza kusema seva imekufa.

Baada ya hapo iache SVR1 imezimwa siku mbili tatu, ofisi ifanye kazi bila yake (folda ya mahesabu tazama jibu la mwenzangu chini, maana najua atakuja). Kisicholalamika kwa siku hizo hakiitegemei. Iwashe, endesha `dcpromo`, ishuke iwe seva ya kawaida. Lile swali la kama hii ni DC ya mwisho ya domeni, usiweke tiki. Ukiweka unaiambia kuwa domeni yenyewe imekwisha.

Hapo ndipo unapandisha kiwango cha domeni, kisha cha foresti, mpaka 2008 R2. DC ya 2003 ikiwa bado ipo, hakitapanda. Baada ya kupandisha, ukiona watu wanakataliwa kuingia, washa upya huduma ya KDC (inayotoa tiketi za kuingia) kwenye kila DC: nywila ya krbtgt (akaunti ya KDC yenyewe) inabadilika wakati huo na DC nyingine hubaki na funguo za zamani kichwani.

Bado hujamaliza. Domeni iliyozaliwa 2003 inarudufisha SYSVOL (folda ya sera na skripti ya DC zote) kwa FRS, njia ya zamani, na 2022 haiitaki FRS kabisa, inataka DFSR, njia mpya. Fanya kutoka SVR2:

`dfsrmig /setglobalstate 1`

kisha `dfsrmig /getmigrationstate` tena na tena mpaka iseme DC zote zimefika. Ndipo 2, usubiri tena. Ndipo 3. Hatua 1 na 2 zinarudishwa nyuma, 3 hairudi. Kabla ya 3 andika `net share` kwenye kila DC, njia ya SYSVOL iwe inapita `SYSVOL_DFSR`. Hakikisha diski ina nafasi ya kubeba SYSVOL mbili kwa wakati mmoja.

Sasa ita SVR4. Akaunti unayotumia iwe kwenye Schema Admins na Enterprise Admins. adprep (inayoitayarisha Active Directory) inajiendesha yenyewe, skima (muundo wake) inatoka toleo la 47 kwenda 88. DNS ya SVR4 iwe SVR2 kwanza, yenyewe (127.0.0.1) ya pili.

skana_na_faili:

Nimekuja, sheikh. Mpangilio ni huo huo, naongeza folda.

Msiweke SMB1 kwenye Windows 11 wala kwenye 2022 ili kuifikia SVR1. Huo ndio mlango alioingilia WannaCry (programu hasidi ya kudai fidia) mwezi Mei 2017, na 2003 iliacha kupata masasisho ya kawaida tangu 14 Julai 2015. Hamisha folda, usihamishe udhaifu.

2022 haiwezi kuivuta folda kutoka SVR1 moja kwa moja, kwa hiyo SVR2 ndiyo ivute. Na robocopy haimo ndani ya 2003, sababu nyingine ya kuiendesha SVR2:

`robocopy \\SVR1\Hesabu D:\Hesabu /MIR /COPYALL /R:2 /W:5`

Mara ya kwanza mchana, itachukua muda wake. Mara ya mwisho usiku, programu imefungwa na watu wote, itachukua vilivyobadilika tu. Angalieni /MIR: ukigeuza chanzo na kituo, inafuta data nzuri iwe sawa na folda tupu. Isome amri mara mbili kabla ya kubonyeza.

Ruhusa za folda zitakuja, lakini ruhusa za kushea hazinakiliwi, ziandike upya. Kisha tafuta ndani ya folda ya programu mafaili ya .ini yenye jina SVR1. Programu nyingi za mahesabu za zamani zimeandikwa njia humo, na hiyo ndiyo inayowakwamisha watu asubuhi. Zikiwa nyingi, subiri SVR1 iondoke kabisa, futa akaunti yake ya kompyuta kwenye domeni, kisha ipe seva inayobeba folda jina la pili kwa `netdom computername`. Ukitoa jina la pili akaunti ya zamani ikiwa bado ipo, SPN (majina ya huduma) zinagongana na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia) inakataa.

Ikilazimika 2003 kubaki mwanachama wa domeni, itasumbua: haijui AES (usimbaji mpya), na DC za 2022 zenye masasisho ya tangu Novemba 2022 zinatoa funguo za AES. Itabidi uweke `msDS-SupportedEncryptionTypes` kuwa 4 kwenye akaunti yake. Na bado haitasoma SYSVOL ya 2022 bila ya SMB1. Bora iwe nje ya domeni, kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa), bila intaneti.

Printa zenu zinaskani kwenda kwenye folda? Za zamani nazo ni SMB1. Tafuta firmware mpya, na isipopatikana geuza iskani kwa FTP au barua pepe.

seva_malindi:

Ahsanteni sana. Printa moja inaskani kwa folda, kumbe ndiyo sababu. Tatizo la Wete: `getmigrationstate` nahofia itakwama, umeme unakatika na SVR3 inazimika ghafla.

waya_wa_bluu:

Wete ndiko kwa kuangalia. Kwanza, saiti mbili zinarudufishana kila dakika 180 usipobadilisha. Ishushe mpaka 15, au usukume kwa `repadmin /syncall /AdeP` kila baada ya hatua, kisha `dfsrdiag pollad` kwenye SVR3.

Pili, kabla ya kuanza angalia logi ya FRS ya SVR3. Ukiona tukio 13568, jarida la diski limevunjika, na kukatika kwa umeme ni sababu ya kawaida. Simamisha ntfrs (huduma ya FRS), weka BurFlags (thamani ndani ya rejista) kuwa D2 kwenye SVR3 peke yake, iwashe, usubiri tukio 13516. D4 ni ya DC moja nzima tu, usiichezee.

Tatu, baada ya kuhamia DFSR tafuta tukio 2213. Baada ya kuzimika vibaya DFSR ya 2008 R2 iliyosasishwa inasimama kimya ikisubiri amri, na amri yenyewe imeandikwa ndani ya tukio hilo, unanakili tu. Ikiachwa zaidi ya siku 60 inakuja tukio 4012 na kazi inakuwa nyingine. UPS yenye kebo ya USB, iwekwe izime seva kwa utaratibu betri ikibaki theluthi. UPS ya kupiga kelele tu haitoshi.

Na badilisha betri ya CR2032 kwenye SVR1 na SVR3. Saa ikipishana zaidi ya dakika 5, Kerberos haikuingizi.

leseni_kwanza:

Hakuna aliyetaja CAL (leseni za watumiaji kuifikia seva). Za 2008 hazimruhusu mtumiaji kuifikia 2022. Za 2022 zinashuka mpaka za zamani, kwa hiyo nunua seti moja ya 2022 kwa watumiaji wote, Wete wakiwemo. Na muuzaji akikwambia uchukue 2025 badala yake, kataa kwa sasa: inataka kiwango cha 2016, na DC za 2008 R2 zikiwepo hakifikiki.