ETI "HII NI PRAIMA?" (uzi wa hasira, wapole piteni kushoto)

Mwana_Kisutu:
Wakuu leo sina salamu. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa meza ya dirishani anayebeba brashi kwenye mkoba wa ngozi kama daktari wa upasuaji, tangu aende Nottingham kuangalia makabati ya makao makuu ya Games Workshop, wenye mchezo wetu wa Warhammer, sisi wa hapa Leicester hatupumui. Jumamosi nimefika klabu na Stormcast wangu, visanamu vyangu vya askari vya kuchezea vita mezani, wameiva, nyekundu ya kisutu, kingo nyeupe, mikanda myeusi, maana ile dhahabu na bluu ya kwenye boksi tunaiona tangu 2015 na mimi siingii vitani na sare ya kila mtu. Mama mkwe Tanga kaona picha WhatsApp kasema hawa wanaenda harusini.

Sasa jamaa kamnyanyua jenerali wangu bila hodi, kwa KICHWA, beizi ya kumsimamisha ipo hajaiona, kamgeuzageuza dirishani, kanyamaza, halafu: "Hii ni praima?"

PRAIMA, yaani ile rangi ya msingi kabla hujaanza kupaka! Nyekundu juu ya nyeusi mnaijua haikamati, mkono wa kwanza hauonekani, wa pili hudhurungi, nimepiga mikono mpaka bega limekufa ganzi, nikamwagia Nuln Oil, ile rangi nyeusi nyepesi ya vivuli, kwenye mikunjo, nikarudi kuinua nyekundu, nikachora kingo za deraya na brashi yenye unywele mmoja huku nimebana pumzi, serikali zimebadilika mimi bado niko kwenye goti la kushoto. Mtu anauliza praima? Praima gani ina vitone vya kisutu kwenye joho? Praima ina macho?? Nimewapaka MACHO.

Na meza nzima imecheka. Hata yule dogo aliyeletwa na mama yake kununua boksi la kwanza kacheka, dogo hana hata gundi.

Halafu kamlaza kifudifudi. Praima. Mxiuu.

Brashi_Mbovu: Weka picha.

Mwana_Kisutu: Picha ya nini, mimi naongelea heshima.

Brashi_Mbovu: Kwa hiyo ni praima 😂😂

MzeeWaBeizi: Pole kijana, umetukanwa. Ila nyekundu nani kakutuma uipige juu ya nyeusi? Anza na kahawia au pinki, ndio uje na nyekundu, mikono miwili MYEMBAMBA umemaliza. Sisi miaka ya 90 jeshi zima jekundu la kung'aa, beizi kijani kibichi, na hakuna aliyeuliza kitu.

KaOrruk254: Buda hiyo ni kitu ndogo. Huyo huyo aliona Orruk zangu, zile jitu za vita, nimezipaka zambarau akaniuliza kama ni wagonjwa. Nikamshow ngozi si lazima iwe kijani, hii ni jeshi yangu. Akaniuliza kama wamechanjwa.

Mwana_Kisutu: Wewe afadhali zako zimeonekana zina ngozi!! Mimi PRAIMA

DadaWaMifupa: Nyie angalau mmepaka. Mimi nacheza na mtu jeshi lake ni plastiki ya kijivu tangu nimfahamu, kila msimu ana skimu mpya ya rangi kwenye simu, mara shaba iliyoota kutu ya kijani, mara barafu, mezani kijivu. Mashindano yakitaka rangi tatu na beizi anahesabu kijivu, kivuli na gundi.

KaOrruk254: Na gundi 😭

Kijivu_Milele: Nimesoma. Tutaonana Jumanne.

Brashi_Mbovu: Tukiwa kwenye machungu, kuna mwingine aliyekunywa maji ya brashi akidhani ni chai? Nina rangi ya Contrast ya bluu kwenye meno na kesho nina intavyuu.

MzeeWaBeizi: Hizo Contrast zenu za 2019 ndizo zimewalemaza. Mkono mmoja juu ya praima nyeupe, kivuli kinajipanga chenyewe, mnajiita mafundi.

Mwana_Kisutu: Mzee hilo neno usilitaje humu.

DadaWaMifupa: Meno yatasafishika. Mimi kopo zima la Nuln Oil limemwagika kwenye zulia la mwenye nyumba, la KRIMU, na Ijumaa anakuja kukagua. Dipoziti yangu jamani.

Kijivu_Milele: Lipake zulia lote nyeusi, mwambie ni praima.

MzeeWaBeizi: Usisugue! Gandamiza na taulo la karatasi na maji, kutoka pembeni kuja katikati. Imeshakauka?

Mwana_Kisutu: Jamani na uzi wangu?

KaOrruk254: Dada hiyo zulia ni sufu ama nailoni?