Nimemaliza juzuu zote za The Wheel of Time: nimfuate mwandishi gani?

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Juzi usiku nilifunga ukurasa wa mwisho wa A Memory of Light, juzuu ya 14 na ya mwisho ya The Wheel of Time ya Robert Jordan, na tangu hapo kila kitabu ninachokishika nakiweka chini kabla sijafika ukurasa wa thelathini. Naomba mnielekeze kwa mwandishi atakayeniteka kama alivyoniteka huyu.

Ili nisiletewe orodha ndefu isiyo na mwelekeo, nieleze kwanza nilichokipenda. Vita sikuvijali sana, na vingine nakiri niliviruka. Nilichokipenda ni kukaa muda mrefu na watu walewale, tangu wanapotoka kijijini wakiwa vijana wasiojua lolote hadi wanapofika mahali ambapo hata wao hawajitambui tena. Nilipenda pia kwamba nguvu za kichawi zina gharama: upande wa wanaume wa nguvu hizo umetiwa unajisi, na mwanamume anayeutumia hatimaye hurukwa na akili, kwa hiyo kila Rand, mhusika mkuu, anapoutumia kuokoa watu, msomaji anashangilia huku roho iko juu. Halafu kuna jambo dogo ambalo huenda wengine hamkulijali. Sura ya kwanza ya kila juzuu huanza na upepo unaovuma kutoka mbali, ukapita nchi hii na ile, hadi umfikie mtu ambaye kisa kitaanza naye. Kufika juzuu ya tano au ya sita, nilikuwa naungoja upepo ule kama mtu anayengoja hodi ya mgeni anayemfahamu.

Nimekwisha kumsoma George R. R. Martin na nimempenda, ila juzuu yake ya tano ilitoka mwaka 2011 na ya sita bado tunaisubiri. Safari hii ningependa kisa ambacho kimekwisha.

Kurasa Elfu

Jibu la haraka ni Brandon Sanderson, na kwa kweli umeshamsoma: Jordan alifariki mwaka 2007, na juzuu tatu za mwisho ziliandikwa na Sanderson kwa kufuata rasimu na maelezo aliyoyaacha marehemu. Anza na juzuu tatu za mwanzo za Mistborn, ambayo ilianza kutoka mwaka 2006. Humo mtu humeza chembe za metali, na kila metali humpa uwezo wake. Zikiisha tumboni, uwezo nao umekwisha, hata kama wakati huo uko hewani juu ya mapaa ya nyumba. The Stormlight Archive ni ndefu na nzito zaidi, lakini imepangwa kuwa na juzuu 10 na zilizotoka ni 5. Ya tano, ya mwaka 2024, inafunga nusu ya kwanza, kwa hiyo pima mwenyewe kama hilo kwako ni kukamilika.

Mshumaa

Naomba kutofautiana na ndugu aliyetangulia. Sanderson ni fundi wa kanuni za uchawi, na mtu anayependa kuona jinsi mitambo inavyofanya kazi atafurahi. Lakini mleta uzi ametuambia kwamba alichokipenda zaidi ni watu, tena watu wanaobadilika polepole. Mwandishi wake ni Robin Hobb.

Fungua Assassin's Apprentice ya mwaka 1995. Mtoto wa miaka sita, mwana wa nje ya ndoa wa mrithi wa ufalme, analetwa na babu yake mzaa mama hadi lango la ngome, anakabidhiwa kwa mlinzi, na mzee anaondoka zake. Msimamizi wa farasi, ambaye hajui amfanye nini, anamlaza zizini pamoja na mbwa, na usiku huo mtoto anajikunja ubavuni mwa mtoto wa mbwa. Hakuna upanga wala joka, lakini ukishaona hapo huyo mtoto ni nani kwa wenzake, utamfuata popote. Utamfuata hadi utu uzima wake, kwa sababu kisa kizima kina vitabu 16, na cha mwisho kilitoka mwaka 2017. Kuhusu gharama ya nguvu, uwezo wa kuwasiliana kwa akili una utamu unaoweza kumlevya mtumiaji hadi akajipoteza kabisa, na uwezo wa kuungana na wanyama unaweza kumponza mtu hadi akauawa. Nakuonya jambo moja tu: Hobb hana haraka, na hamwonei huruma mhusika wake. Kuna sura nilizisoma, nikakifunga kitabu, nikakaa siku mbili nzima bila kukigusa.

Nahodha wa Jangwani

Mimi naongezea Steven Erikson, Malazan Book of the Fallen, juzuu 10 kati ya 1999 na 2011. Imekamilika. Ila anakutupa katikati ya mambo bila maelezo, na nusu ya kwanza ya kitabu cha kwanza utaisoma ukiwa gizani. Mwandishi huyu alisomea akiolojia, na inaonekana: kila mji umejengwa juu ya magofu ya mji mwingine.

Wino Mweusi

Mbona wote mnamrundikia juzuu kumi, kumi na sita? Mtu aliyetoka kwenye safari ndefu namna ile mara nyingi hukataa kila kitabu kwa sababu bado amechoka, wala si kwa ubaya wa kitabu. Kabla hujaanza mfululizo mwingine, soma Tigana ya Guy Gavriel Kay, ya mwaka 1990, ambayo ni kitabu kimoja tu. Mfalme mchawi anauawiwa mwanawe vitani, naye analipiza kisasi kwa kulifuta jina la nchi aliyokuwa akipigana nayo, hivi kwamba waliozaliwa humo pekee ndio wanaoweza kulisikia likitamkwa. Wengine wakitamkiwa, haliwaingii masikioni. Fikiria mzee anayejua kwamba siku kizazi chake kitakapokwisha, jina litakwisha nalo. Hiyo ndiyo gharama ya uchawi, na safari hii wanaolipa ni watu ambao hawakuugusa.

Mleta uzi

Nawashukuru nyote. Ndugu Wino Mweusi amenigusa penyewe, kwa hiyo nitaanza na Tigana, kisha nihamie kwa Hobb. Ndugu Mshumaa, naomba unisaidie: hivyo vitabu 16 vinasomwa kwa mpangilio gani? Naona vimegawanyika katika mifululizo midogo.

Mshumaa

Fuata tarehe za kuchapishwa: Farseer, Liveship Traders, Tawny Man, Rain Wilds, halafu Fitz and the Fool. Ukifika Liveship Traders utatamani kuiruka, kwa kuwa Fitz, yule mtoto aliyelazwa zizini, hasimulii humo na watu wote ni wageni. Usiiruke. Kuna mtu mmoja humo ambaye utamtambua, na sitakutajia ni nani.