Naomba ushauri: baba yake Jonas ni mhusika wa aina gani?

Wakuu, habari za jioni. Naandika insha kuhusu wahusika na jamii katika riwaya ya The Giver ya Lois Lowry (1993). Jonas hanisumbui: ana miaka 12, anapewa kazi ya kupokea kumbukumbu za zamani za jamii yake, macho yanafunguka. Ninapokwama ni kwa baba yake. Mpole, mlezi wa vichanga, hata kichanga Gabriel anamleta nyumbani. Halafu huyo huyo anamdunga sindano pacha mchanga mwenye uzito mdogo, anautumbukiza mwili kwenye bomba la taka na kumwambia kwaheri! Hapo nilifunga kitabu kwanza, nikanywa maji.

Sasa, huyu ni mwovu, au mhusika bapa (asiyebadilika) aliyefinyangwa na jamii yake? Mwalimu anataka ushahidi wa matendo, si hisia zangu. Mngeanzia kwake, au kwenye sheria za ile jamii?