Naomba ushauri: Marko 13:32 imenikwamisha darasani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nafundisha kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri. Jumamosi iliyopita binti wa miaka 14 alisoma Marko 13:32, kwamba siku ya kurudi kwa Yesu hakuna aijuaye, hata malaika wala Mwana, ila Baba; akaweka kidole penye "wala Mwana", akauliza: "Mwalimu, kama Yesu ni Mungu, mbona siku hiyo haijui?"

Nikajibu: kama mwanadamu hakujua, kama Mungu alijua. "Kwa hiyo wako wawili?" Darasa likacheka, mimi jasho linanitoka. Maana kumgawa Kristo hivyo ndiko Mtaguso wa Kalkedonia (mkutano mkuu wa maaskofu) ulikokukataa mwaka 451, ukakiri kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, zisizochanganyika wala kutengana.

Nimejaribu Wafilipi 2:7, kwamba alipokuwa duniani hakuutumia utukufu wake wakati wote. Mchungaji kasema hiyo ndiyo njia yetu Walutheri. Ila rafiki yangu Mpresbiteri anashikilia jibu langu la kwanza, anasema hata Calvin, mwanamatengenezo ambaye mafundisho yake Wapresbiteri huyafuata, alieleza hivyo. (Walutheri na wafuasi wa Calvin hawaelewani tangu ule ubishi wa Meza ya Bwana!)

Naomba mnisaidie mawili: nitamwelezaje mtoto bila kumgawa Kristo? Na je, majibu haya mawili yanapingana kweli, au ni lugha tu? Jumamosi hii atauliza tena, namjua.