MREJESHO: Kuhamia Dodoma kutoka Tanga, nina miezi mitano sasa

Wakuu habari zenu, mwezi wa tatu niliomba mnieleze ubaya wa Dodoma kabla sijahamisha familia, mkanijibu kwa moyo sana, asanteni mno.

Yule aliyesema usilipe kodi mpaka ufungue bomba mwenyewe uonje maji, Mungu akubariki. Nyumba ya kwanza pale Nkuhungu ilikuwa nzuri balaa, vigae mpaka jikoni, nikafungua koki nikaonja, chumvi tupu, dalali akawa ananiambia utazoea, nikaondoka zangu. Nimepata Ilazo, maji yanakuja kwa mgao ila ni mazuri, nikanunua simtanki la lita 1000 kama mlivyosema na hatujakaukiwa hata siku moja.

Ushauri wenu wa kulipa kodi ya miezi mitatu umegoma, kila mwenye nyumba anataka sita, nimelipa hiyo sita na akiba yote ikaisha, hapo niliumia.

Kingine ni vumbi na ule upepo wa mwezi wa saba, mlinionya nikachukulia poa. Mdogo wangu wa mwisho midomo ilipasuka mpaka damu, sasa hatoki bila mafuta. Usiku baridi, beba masweta.

Samaki wabichi wa baharini nimewamisi kweli, tunakula wa bwawa la Mtera, ni watamu ila siyo kama changu, yule samaki wa baharini. Mke wangu bado hajapata kazi, hilo ndo limebaki.

Mama wa pale Nkuhungu aliyenipa maji ya kunywa siku ile natafuta nyumba, shikamoo mama, nakukumbuka.