Mchumba mmoja kawa wawili, posa ni ya nani? Nisaidieni hadithi yangu

Mwana_wa_Kibirizi:
Wakuu habari za jioni. Naandika mchezo wa kuchekesha wa kikundi chetu cha maigizo huku Kigoma, hadithi ya kisayansi ya miaka mingi ijayo, sasa nimekwama. Iko hivi, stesheni ya Tabora wamefunga mashine inayomsoma abiria chembe kwa chembe, huku Kigoma wanamjenga upya dakika hiyohiyo, na yule wa Tabora anatakiwa afutike. Jamaa anaitwa Juma kaingia humo anawahi Ujiji kwa wakwe, umeme ukakatika katikati, Kigoma katokea Juma na Tabora Juma bado kasimama na begi lake!! Huyu wa Tabora akajua mashine mbovu tu, kapanda treni ya kawaida, Urambo, Kaliua, Uvinza, anafika kesho yake na dumu la asali anajikuta yuko sebuleni anakula ugali kwa mgebuka na baba mkwe na mahari imeshapokelewa. Kovu lilelile, alama za vidole zilezile, wote wanakumbuka siku walipomuona Zuhura mwaloni. Mshenga hajui katumwa na nani. Nilitaka nimpitishe na Zuhura kwenye mashine wawe wanne kila mtu na wake, ila moyo unakataa. Mchumba halali ni yupi?

Kulwa_wa_Unyanyembe:
Mimi ni pacha, na kwetu Wanyamwezi pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayefuata baada yetu Shija, kwahiyo mambo ya kufananishwa nayajua vizuri. Mapacha wa kufanana alama za vidole hazilingani, maana zinajichora tumboni na kila mtoto amekaa kivyake. Hata Dolly, yule kondoo wa Scotland wa mwaka 1996 aliyekuwa kloni, yaani nakala ya kondoo mwingine, alizaliwa mchanga, hakutoka anakumbuka maisha ya mwenzake. Kwahiyo hao wako sio mapacha wala sio kloni, ni mtu mmoja aliyegawanyika njia. Ila angalia, tangu umeme ulipokatika mmoja kalala Ujiji kabembelezwa na wakwe, mwingine kakesha kwenye behewa kakumbatia dumu. Hapo tayari ni watu wawili na wivu wao utakuwa tofauti, kicheko kichimbe hapo, usikichimbe kwenye sura.

fundi_redio:
Alafu kwenye fizikia kuna kanuni imethibitishwa tangu 1982 kwamba hali ya kwanta (yaani hali ya vile vichembe vidogo kabisa) usiyoijua huwezi kuinakili kamili ukabaki na ile ya kwanza. Kwahiyo mmoja mpe kasoro kidogo, mfano asali imkatae kabisa.

Mzee_wa_Bandarini:
Mwanangu unaishi Kigoma unauliza nani halali na meli ya Liemba unaiona! Imeundwa Papenburg Ujerumani 1913 ikaitwa Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwenye makasha kwa meli na treni, ikaungwa hapahapa na kushushwa majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Na watu wa ziwani wanaiita ileile, kwa sababu ndo imewabeba. Huyo Juma aliyeundwa Kigoma usimuite feki, tafadhali.

Dada_wa_Mwanga:
Mbona wote mnawajadili wakina Juma, Zuhura kasema nini? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wote wawili, na mwanamke hawezi kuwa na waume wawili, kwahiyo lazima achague. Mahari hata isipolipwa ndoa inasimama, ina maana kuitanguliza kupokelewa hakumpi huyo wa sebuleni haki yoyote. Alafu kuna taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa na mtu anaruhusiwa kuweka pingamizi, hebu fikiria kila Juma anampinga mwenzake, jina moja, saini moja, msajili anashika kichwa! Hiyo ya wanne achana nayo. Ukimnakili Zuhura ili wanaume wagawane umemfanya sahani ya wali, na yule wa pili nae akimpenda Juma huyohuyo utafanyaje, vurugu inarudi palepale na yeye hajaulizwa.

Mwana_wa_Kibirizi:
Dada umemaliza, na Mzee shikamoo, "feki" naifuta yote. Zuhura haingii kwenye mashine. Anawapa siku zile 21, wote wanakaa Ujiji, asubuhi huyu jioni yule, anawauliza ya tangu umeme ulipokatika tu, ya zamani marufuku, na nampa haki ya kuwakataa wote. Kulwa, lile dumu na behewa nalichukua. Sehemu ya msajili naiandika usiku huu, mwenye kujua fomu ya pingamizi inaulizaje aniandikie hapa, nataka waijaze kwa pamoja mbele ya mshenga.